Taa za usalama zimewaka kwenye SUV ya Japani: anzia wapi kabla ya kununua sensa

Magari ya familia yanayoshushwa sasa Dar es Salaam na Mombasa yamebadilika sana ndani ya muda mfupi. Forester, X-Trail, CX-5, Harrier na RAV4 za miaka ya karibuni zinakuja na kamera nyuma ya kioo cha mbele, rada nyuma ya nembo au ndani ya bampa, na kompyuta inayoweza kukanyaga breki yenyewe dereva akichelewa. Kenya haipokei gari lililopita miaka 8, na Japani ilishafanya breki za dharura zinazojifunga zenyewe kuwa lazima kwa modeli mpya za magari yake ya abiria kuanzia Novemba 2021. Kwa hiyo mitambo hii itazidi kutufikia, utake usitake.

Siku taa ya njano inapowaka na maandishi ya Kijapani yakatokea, jibu linalotolewa haraka gereji ni moja: "Hiyo sensa imekufa, tafuta nyingine." Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi zaidi sensa ni nzima, ila kuna kitu kinaizuia kuona: kioo, tairi, betri, bampa, au kazi iliyofanyika gereji wiki iliyopita. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mwenye gari huwa ni hili: gari lilifanyiwa nini kabla taa haijawaka? Kubadilisha kioo, kupiga alaimenti, kuinua gari, kupaka rangi bampa, kushona viti, kuosha gari ndani. Jibu la hapo linaokoa pesa nyingi.

Elewa kwanza gari linasema nini

Sauti ya mwanamke anayeongea Kijapani kila ukiwasha gari si onyo la usalama. Kwa kawaida anakuambia kwamba kadi ya ETC haijaingizwa. ETC ni mfumo wa kulipia barabara za Japani, na hapa kwetu hauna kazi. Kifaa chake huwa kwenye droo ya mbele ya abiria au chini ya dashibodi, na fundi umeme anaweza kukichomoa bila kugusa kitu kingine. Kitufe cha SOS kilicho juu ya kichwa kwenye baadhi ya magari nacho kinategemea huduma ya Japani. Usikihesabu kama msaada wa dharura huku kwetu.

Maandishi ya kwenye skrini yapige picha na simu, kisha tumia programu ya kutafsiri picha. Fanya hivyo kabla hujazima gari, maana mengine hupotea ukiwasha tena. Angalia pia rangi. Nyekundu ni ya kusimama na kuangalia sasa hivi. Njano ina maana kuna mfumo umejitoa, lakini gari linatembea. Kwenye Subaru zenye EyeSight, mfumo wake wa usalama unaotumia kamera, kuna tofauti ambayo watu wengi hawaijui: alama nyeupe inasema mfumo umepumzika kwa muda na utarudi wenyewe, ya njano inasema kuna hitilafu. Nyeupe haihitaji fundi.

Taa nyingi zimewaka kwa pamoja

ABS (inayozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki), VSC (inayozuia gari kuteleza), breki za dharura, usukani wa umeme na taa ya injini zikiwaka kwa mara moja, vifaa vitano havijafa asubuhi moja. Tafuta kitu kimoja kinachovilisha vyote.

Anza na betri. Injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa, betri nzuri husoma karibu volti 12.6. Ikiwa chini ya 12.2, imechoka au haichajiwi vizuri, na kompyuta za gari huanza kulalamika moja baada ya nyingine wakati wa kupiga stata. SUV nyingi za Japani huzima injini zenyewe kwenye foleni, kwa hiyo zinatumia betri ya aina maalumu yenye herufi na namba kama Q-85 au S-95. Ukiwekewa betri ya kawaida kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani, gari litawaka vizuri na matatizo yataanza miezi michache baadaye. Angalia pia vichwa vya betri na waya wa hasi unaokwenda kwenye bodi. Ute mweupe au nati iliyolegea inatosha kuwasha dashibodi nzima.

Kwa Subaru kuna sababu ya pili. Taa ya injini ikiwaka kwa kosa lolote, hata koili ya plagi au sensa ya oksijeni, gari huzima pia EyeSight na VDC (jina la Subaru kwa VSC), na taa zake zote huwaka. Limeundwa hivyo kwa tahadhari, kwa kuwa mifumo hiyo inahitaji kuiamuru injini ipunguze nguvu na haiwezi kuitegemea injini yenye hitilafu. Mwenye gari anaona EyeSight, anatafuta kamera ya bei kubwa. Rekebisha injini na nyingine zitazimika zenyewe.

ABS na VSC: tatizo liko kwenye magurudumu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Kila gurudumu lina sensa ya kuhesabu mwendo. ABS, VSC, breki za dharura na hata mfumo wa kufuata gari la mbele vyote vinasoma hesabu hiyo hiyo. Gurudumu moja likisema uongo, vyote vinajitoa.

Wakati taa inapowaka ni ushahidi mzuri. Ikiwaka palepale unapowasha swichi, gari likiwa limesimama, fikiria waya uliokatika au soketi iliyoingia maji. Waya wa sensa hujikunja kila gurudumu linapopanda na kushuka, na kwenye barabara za vumbi na mawe hukatikia karibu na shokapu, ndani ya ganda, bila kuonekana kwa nje. Mwambie fundi auchezeshe kwa mkono huku mashine ya kupimia makosa ikisoma. Ikiwaka baada ya gari kutembea kidogo, waya huenda ni mzima. Kinachosumbua ni kile sensa inachokisoma: kutu, vumbi la chuma lililoganda kwenye ncha yake, au bering.

Bering ndiyo kesi ya kuangalia kwa makini. Kwenye magari mengi yanayotumia bering ya kushindiliwa, upande mmoja una ukanda mwembamba wa rangi ya kahawia au nyeusi wenye sumaku ndogo ndogo kuzunguka pande zote. Sensa huhesabu sumaku hizo. Upande wa pili unafanana nao sana, lakini hauna kitu. Fundi asiyejua akiigeuza bering, inaingia vizuri, gurudumu linazunguka bila kelele, na taa ya ABS inawaka gari likianza kushika mwendo. Kisha sensa inabadilishwa, moduli ya ABS inabadilishwa, taa haizimiki. Kabla bering haijashindiliwa, sogeza pini ya stepla karibu na kila upande. Upande unaoivuta ndio wa sumaku, na lazima uelekee sensa ilipo. Ikishashindiliwa vibaya, kuitoa kwa kawaida kunaiharibu, kwa hiyo ni bering mpya tena.

Kwa namba za makosa: kwenye Toyota, C0200 ni gurudumu la mbele kulia, C0205 mbele kushoto, C0210 nyuma kulia, C0215 nyuma kushoto. Namba inakuonyesha pa kuanzia kutafuta. Haithibitishi kwamba sensa ya hapo imekufa. Na vile vifaa vidogo vya bei nafuu vinavyochomekwa chini ya usukani na kusomwa kwa simu kwa kawaida vinaona injini tu. Vikisema "hakuna kosa" wakati taa ya ABS inawaka, usiviamini.

Tairi nazo zina neno. Tairi tatu zilizokwisha na moja mpya, au saizi mbili tofauti, hufanya gurudumu moja lizunguke kwa kasi tofauti na mengine, na kompyuta inadhani linateleza. Kwenye gari linalosukumwa na magurudumu yote manne tofauti hiyo huumiza pia mitambo inayogawa nguvu. Nunua tairi zinazolingana hata kama ni za mtumba.

VSC ikiwaka peke yake baada ya alaimenti au baada ya usukani kufunguliwa, hilo ni jambo jingine kabisa. Kompyuta inaona usukani umekata kona huku gari likienda moja kwa moja. Sensa ya usukani inahitaji kuwekwa upya kwenye sifuri kwa mashine, kazi ya dakika chache. Hakuna cha kununua.

Kamera haioni

Ujumbe wa kwamba kamera imesimama kwa muda huwa na sababu za kawaida sana. Mvua kubwa. Ukungu kwenye kioo. Jua la jioni usoni ukitoka Dar kuelekea Kibaha. Gari lililoshinda juani limefungwa, kamera ikapata joto kupita kiasi na kujizima hadi ipoe. Washa kiyoyozi na usubiri. Hizi zinapita.

Zisizopita zinatokana na kioo. Stika za Nenda kwa Usalama na nyinginezo zibandikwe mbali na kamera. Tinti ya ukanda wa juu, ile ya bluu au nyeusi, ikishuka mbele ya kamera lazima itolewe. Dawa ya kung'arisha dashibodi huleta matatizo mawili: mwanga unaruka kutoka kwenye dashibodi hadi kwenye kioo, na mvuke wake hujenga utando wa mafuta upande wa ndani. Ukisafisha utando huo kwenye Subaru, kuwa mwangalifu kupita kawaida. EyeSight ina kamera mbili zilizo karibu sana na kioo, na alama ya kidole au kitambaa kwenye lenzi inaweza kuvuruga umbali unaopimwa. Lenzi zenyewe usiziguse kabisa, na mwambie hivyo kijana wa kuosha gari kabla hajaanza, si baada.

Kioo kikibadilishwa, kamera lazima ipimwe upya. Kuna magari yanayohitaji mabango maalumu yanayowekwa mbele ya gari kwa umbali uliopimwa, kwenye sakafu iliyonyooka. Mengine hupimwa kwa kuendeshwa kwenye barabara yenye mistari inayoonekana vizuri huku mashine imechomekwa. Muulize anayekuuzia kioo mambo mawili kabla ya kulipa: kioo hiki kina kishikio na nafasi safi ya kamera ya modeli yangu? Nani atapima kamera baada ya kukifunga? Akijibu kwamba haina haja kwa kuwa taa haijawaka, nenda kwingine. Kamera iliyopinda kidogo inaweza kufanya kazi bila kuwasha taa yoyote huku ikiangalia mahali pasipo sahihi. Hali hiyo ni ya hatari kuliko taa iliyowaka, kwa sababu unaamini kitu kisichokulinda.

Kuinua gari kwa spesa au springi ndefu kunaleta shida hiyo hiyo. Najua kwa nini watu wanainua, barabara zetu zinalazimisha. Lakini kamera ilipangwa kwa urefu na mwinuko fulani. Ukiinua, fanya kipimo upya kuwa sehemu ya gharama. Kama hakuna anayeweza kukipima ulipo, zima mfumo huo na uendeshe ukijua hauna.

Rada haioni

Kwenye Toyota na Mazda nyingi rada iko nyuma ya nembo ya mbele. Nembo hiyo ni plastiki bapa na laini, imetengenezwa ili mawimbi yapite. Nembo huibwa, na ya kuchongwa yenye rangi ya kromu iliyonunuliwa mtaani inaziba rada kabisa. Ngao ya chuma, taa za ziada na kibao cha namba kilichosogezwa juu hufanya vivyo hivyo kwa magari yenye rada chini kwenye bampa.

Baada ya ajali ndogo, angalia kishikio cha rada. Rada ikipinda kwa nyuzi moja tu upande, kwenye umbali wa mita 100 inaangalia kando kwa karibu mita 1.75, ambayo ni nusu ya upana wa njia. Hapo inaweza kuliacha lori lililo mbele yako na kufunga breki kwa ajili ya gari la njia ya jirani.

Rada za kuona gari lililo pembeni nyuma ziko ndani ya pembe za bampa la nyuma. Matope hufanya zijitoe, na ukiosha zinarudi. Bampa lililojazwa puti nene na kupakwa rangi juu yake huzizima moja kwa moja. Bampa lililopasuka pembeni ni afadhali kulibadilisha. Na vioo vya pembeni vikiibwa, hakikisha unachonunua kina waya zote za taa ya tahadhari na kamera. Kilicho tupu kitaacha kosa kwenye kompyuta daima.

Linapiga kelele au kufunga breki bila sababu

Bodaboda anayekatiza mbele yako kwa nafasi ya mkono mmoja, kwa mfumo huo, ni ajali inayokuja. Hapo gari linafanya kazi yake. Vipo pia vitu vinavyolidanganya: vumbi zito la lori kwenye barabara ya changarawe, moshi mweusi, mabati ya daraja, reli za kingo kwenye kona kali. Kama linakusumbua mjini, mengi yana kitufe au menyu ya kupunguza umbali wa onyo. Punguza, usizime kabisa.

Ziko nyakati za kuzima kweli. Vitabu vya Toyota vinasema uzime breki za dharura gari linapopakiwa kwenye meli au lori, linapopimwa kwenye mashine ya magurudumu, na linapoingia sehemu ya kuoshea kwa mashine. Kupanda kivuko cha Kigamboni au Likoni kumo humo: milango ya chuma, watu karibu, na gari la mbele limesimama ghafla. Zima breki hizo ukiingia na uziwashe ukitoka.

Linakaa kimya

Onyo la kutoka nje ya mstari halilii? Kwanza mstari upo? Kamera inasoma rangi ya barabarani, na iliyofutika haisomeki. Pili, mengi huanza kazi mwendo ukifika kati ya kilomita 50 na 70 kwa saa, kutegemea modeli. Ndani ya foleni lazima likae kimya.

Kuhusu breki zenyewe, ujue kikomo. EyeSight ya toleo la tatu imeundwa kuzuia mgongano pale tofauti ya mwendo kati yako na kilicho mbele ni kama kilomita 50 kwa saa au chini. Ukienda 110 usiku na kukuta lori limeharibika barabarani bila taa, huenda ikapunguza kishindo, ikashindwa kukizuia. Ng'ombe, punda na mkokoteni si vitu ilivyofundishwa kuvitambua vizuri.

Taa ya mfuko wa hewa

Washa swichi bila kupiga stata. Alama ya mtu mwenye duara mbele yake iwake, ikae kama sekunde 6, izimike. Ikibaki inawaka, mfumo umejitoa na mifuko inaweza isifunguke. Isipowaka kabisa, chunguza zaidi, hasa kama ndiyo kwanza unanunua gari. Wapo wanaoitoa taa hiyo au kuiunganisha na nyingine ili kuficha kwamba mifuko ilishafunguka kwenye ajali na haikurudishwa. Hilo ni kosa kubwa sana kwa mtu atakayekaa humo na watoto wake.

Sababu nyepesi iko chini ya viti vya mbele: soketi ya njano inayolegea viti vinapofunguliwa ili kuosha zulia, au mzigo unaposukumwa chini yake. Taa ikiwaka pamoja na honi na vitufe vya usukani kufa, tafuta waya bapa unaojiviringisha nyuma ya usukani, ambao mafundi huuita kloku springi. Kabla ya kugusa soketi yoyote ya njano, ondoa hasi ya betri na usubiri angalau sekunde 90. Taa ya kupimia umeme isitumike hapo kabisa, inaweza kufyatua mfuko.

Viti vilivyoshonewa ngozi mpya navyo vikaguliwe. SUV nyingi zina mfuko ubavuni mwa kiti, na kuna lebo ndogo inayoonyesha. Kava nene iliyofungwa juu yake inauzuia kufunguka. Na vile vidude vya chuma vinavyochomekwa kwenye kifungio cha mkanda ili kuzima kelele, vitoe leo. Mfuko umepimwa kwa mtu aliyefunga mkanda. Asiyefunga anaufuata mbele wakati unafyatuka.

Kwa gari la zamani kidogo, kuna suala la Takata. Kampuni hiyo ya Japani, iliyoomba kinga ya kufilisika Juni 2017, ilitengeneza vifyatuzi vya mifuko vyenye amoniamu naitreti, ambayo huharibika kwa miaka ya joto na unyevu na inaweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma. Hali ya hewa ya pwani yetu ndiyo ile mbaya kwake. Magari mengi sana ya Japani yaliitwa kurekebishwa, zikiwemo X-Trail za T30 na Forester za kizazi cha tatu, na yale yaliyouzwa nje kabla ya kazi kufanyika yalikuja yalivyo. Chukua namba ya chesisi kwenye kadi ya gari. Ya Japani huwa na herufi na namba za modeli, kistari, kisha tarakimu, kwa mfano inaanza na NT30 au SH5. Iandike kwenye ukurasa wa ukaguzi wa tovuti ya mtengenezaji ya Japani, utafsiri kwa simu, na uone kama kuna kazi ambayo haijafanywa. Ikiwa ipo na inahusu kiti cha abiria, asikae mtu hapo hadi kifyatuzi kibadilishwe na wakala wa mtengenezaji. Ikiwa ni upande wa dereva, gari lipaki.